Beatha Apalilia Nyanda Kuu

Asubuhi nyingi Beatha na mama yake walipishana mlangoni. Mama yake, Marcelina, aliingia akitoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee kule Plumstead, miguu imemvimba, naye Beatha alitoka na begi mgongoni na tai ya shule iliyofungwa upande. Mama alimnyooshea tai, akamwuliza kama amekunywa uji, akamkumbusha awasikilize walimu. Beatha aliitikia, "Ndiyo, mama," akavuta mlango taratibu ili mama alale.

Nje alimkuta Lorraine akimngoja. Lorraine alizaliwa hapahapa London, wazazi wake Wakenya, na alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lao la Thamesmead. Kiswahili alikisikia chote, hata kile ambacho wazazi hawakutaka akisikie, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza. Beatha naye, aliyefika kutoka Kongwa, Tanzania, mwezi wa nane baada ya miaka mingi ya kulelewa na bibi yake, Kiingereza alikisikia nusunusu, na mtu akisema haraka, robo. Basi walitembea kando ya mfereji, mmoja akisema kwa lugha hii, mwingine akijibu kwa ile, na mabata bukini wakiwazomea wote wawili bila upendeleo.

Mambo mengi ya London yalimchanganya Beatha. Ukimkanyaga mtu, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Jua lilichelewa kufika na liliwahi kuondoka. Lakini hakuna kilichomshangaza kama nyasi. Zilikuwa kila mahali, mbele ya majengo na pembeni mwa barabara, na wafanyakazi wa halmashauri walipokuja na mashine zao walizikata juujuu tu, wakaondoka. Baada ya wiki chache nyasi zimerudi, na wao wamerudi. Kwa nini wasizing'oe mara moja, mambo yakaisha?

Kule Kongwa bibi asingevumilia uzembe huo hata kidogo. Kwa bibi, uwanja wa mtu mstaarabu ni udongo mtupu uliofagiliwa mpaka mistari ya ufagio ionekane, na shamba lenye nyasi ni tangazo kwa kijiji kizima kwamba mwenye shamba ni mvivu. Beatha alishika jembe la palizi akiwa mdogo, na katika mistari ya mahindi hakuna mtoto aliyemwacha nyuma.

Jambo jingine alilokuja nalo kutoka Kongwa lilikuwa ni neno "ndiyo". Shuleni kwao mwalimu alipomaliza somo aliuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Hata aliyekuwa amesinzia aliitikia, tena kwa nguvu kuliko wenzake. Kusema hapana kulikuwa sawa na kumwambia mwalimu kwamba hajui kufundisha, na nani alitaka matatizo hayo? Kwa hiyo Mwalimu Pritchard, mama mrefu aliyefundisha jiografia kwa kasi kama anayewahi basi, alipomwuliza Beatha kama ameelewa, Beatha alitabasamu, akainamisha kichwa, akasema ndiyo. Mwalimu alifurahi. Beatha naye alifurahi kwamba mwalimu amefurahi. Somo lenyewe lilibaki hewani, halina mwenyewe.

Mwezi wa kumi darasa lilianza somo la Marekani. Mwalimu Pritchard alitundika ramani kubwa ukutani, akawagawa wanafunzi wawiliwawili, na kila wawili wakapewa eneo moja la nchi hiyo. Baada ya likizo fupi ya katikati ya muhula wangefanya maonyesho mbele ya wazazi na watoto wa shule ya msingi ya jirani. Wengi walimtaka Lorraine, kwa kuwa alikuwa hodari, lakini Lorraine alinyoosha mkono akasema atafanya na Beatha. Beatha hakuwa na rafiki mwingine shule nzima. Siku ile alijiona tajiri.

Wao walipewa Nyanda Kuu. Mwalimu alieleza kwamba ziko katikati ya Marekani, kuanzia mpaka wa Kanada kushuka kusini mpaka Texas. Kwamba upande wa magharibi zimezuiwa na Milima ya Rocky, na upande wa mashariki zinateremka polepole kuelekea mabonde ya mito mikubwa. Mvua ni haba huko, upepo ni mwingi. Kisha alileta trei mbili. Moja ilikuwa na kipande cha nyasi kilichokatwa pamoja na udongo na mizizi yake. Nyingine ilikuwa na udongo mtupu. Siku ya maonyesho wangezipuliza zote mbili kwa drayer ya kukaushia nywele, ili wageni waone udongo upi unapeperuka na upi unabaki. Katika tofauti hiyo ndogo, alisema mwalimu, kuna historia yote ya Nyanda Kuu.

Hivyo ndivyo alivyosema. Sasa tazama alichosikia Beatha. Alisikia nyati, trekta, ngano, wakulima, vumbi. Alisikia kwamba trei zinahitaji kutunzwa. Kichwa kilimzunguka, maneno yakigongana humo ndani, na mwisho alijiokotea maana yake mwenyewe: haya ni mashamba mawili ya wakulima wa Marekani, moja limeshatayarishwa na la pili bado lina nyasi.

Mwalimu alimwomba Lorraine amweleze mwenzake vizuri. Lorraine alieleza, kwa Kiingereza, kengele ikilia na viti vikiburuzwa. Mwisho alimwuliza kwa neno la Kiswahili alilolimudu, "Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Beatha.

Trei zikaenda kwa akina Beatha, kwa kuwa wao walikaa ghorofa ya chini na nyuma ya jiko palikuwa na kiuga kidogo chenye jua. Lorraine alikwenda kwa shangazi yake Hounslow likizo nzima.

Likizo ilipoanza tu, Beatha alikunja mikono ya sweta akaanza kazi. Nyasi zile zilikuwa jeuri. Mizizi yake ilikuwa imesukana, ikashikilia udongo kwa ukaidi ambao hakuwahi kuuona hata kwenye magugu ya Kongwa. Alitumia uma, akatumia kijiko, mwisho akatumia kucha. Aliing'oa mizizi, akaikung'uta udongo wake urudi kwenye trei, kisha akavunja mabonge mpaka udongo ukawa laini kama unga. Nyasi zenyewe alizitupa kwenye pipa la taka. Kila siku alilichungulia shamba lake, na jani lolote lililothubutu kuchomoza lilijuta.

Katikati ya kazi hiyo wasiwasi ulimjia. Kama nyasi hizi ni uchafu, mbona mwalimu alizikata kwa uangalifu namna ile? Simu ya mama ilikuwa mezani, na namba ya Lorraine ilikuwamo. Lakini angeuliza vipi kitu ambacho alikwisha kusema amekielewa? Aliona aibu, akaendelea kung'oa. Mama naye, bila kujua trei zile ni za nini, alichungulia nje akacheka kwa furaha. Alisema kwamba bibi angeliona shamba lile angelala usingizi mzuri.

Shule ilipofunguliwa Beatha alizifunika trei kwa khanga ya mama, akamngoja rafiki yake mlangoni kama mtu aliyeandaa zawadi. Lorraine alifunua khanga. Akaitazama trei ya kwanza, akaitazama ya pili. Zote mbili zilikuwa udongo mtupu.

"Nyasi ziko wapi?" aliuliza Lorraine. Kiswahili kilimtoka chenyewe, safi kabisa, kwa mshtuko.

"Nimezing'oa zote," Beatha alijibu, bado anatabasamu. Tabasamu lilimfia mdomoni alipouona uso wa mwenzake.

Darasani mambo yalizidi kuharibika. Mwalimu Pritchard alizitazama trei kwa muda, kisha akamgeukia Lorraine, siyo Beatha. Alimwambia kwamba alimpa kazi moja tu, kumweleza mwenzake, na inaonekana hakuifanya. Lorraine alisema aliifanya. Mwalimu akamwuliza Beatha polepole, neno kwa neno, kama ni kweli alielezwa.

Swali hili Beatha alilielewa vizuri mno. Akisema kweli, kwamba alielezwa na akaitikia bila kuelewa, mwalimu atagundua kwamba hata zile ndiyo nyingine zote tangu mwezi wa tisa zilikuwa hewa. Huenda wakamrudisha shule ya msingi akakae na watoto wadogo. Huenda wakamwita mama, aliyehangaika miaka yote hiyo ili amlete. Aliinamisha macho akanyamaza, kama mtoto wa Kongwa anavyonyamaza mbele ya mwalimu aliyekasirika. Kule kwao ukimya ule ungekuwa heshima. Hapa ulikuwa ushahidi, na aliyehukumiwa alikuwa Lorraine. Mwalimu alisema Lorraine atapunguziwa alama na kuhamishiwa kwa mwanafunzi mwingine, Victor, na mwenzake, na Beatha atafanya kazi na mwalimu msaidizi.

Jioni Lorraine alitangulia nyumbani bila kumngoja. Beatha alitembea nyuma yake kando ya mfereji, hajui akimbie amfikie au ajifiche asimwone. Alijionea huruma, kisha akajichukia kwa kujionea huruma, kwa sababu aliyeonewa alikuwa yule aliyekuwa mbele yake.

Alipofika nyumbani alitoa karatasi ambazo mwalimu aliwagawia kabla ya likizo, ambazo hakuwa amezigusa. Alichukua simu ya mama akaanza kutafuta maana ya neno moja baada ya jingine. Palikuwa na picha ya nyumba iliyofukiwa na mchanga mpaka madirishani. Polepole hadithi ya Nyanda Kuu ilianza kumfungukia.

Kwa maelfu ya miaka zilikuwa nchi ya nyasi. Makabila ya wenyeji kama Wakomanche na Walakota waliwinda nyati humo. Karne ya kumi na tisa walifukuzwa, nyati wakauawa karibu wote, na serikali ikawagawia ardhi walowezi. Walowezi wakalima. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakaleta matrekta wakalima zaidi. Bei ilipoporomoka, wakalima zaidi tena ili wafidie hasara. Nyasi zikang'olewa, mamilioni ya ekari. Kisha miaka ya elfu moja mia tisa thelathini mvua zikakatika, upepo ukaja, na udongo ambao haukuwa na mizizi ya kuushika ukanyanyuka mzimamzima. Mchana uligeuka giza. Vumbi lilisafiri mpaka miji ya pwani ya mashariki. Ng'ombe walikufa, watoto waliugua mapafu, na familia nyingi zilifunga mizigo zikakimbilia California.

Beatha alisoma tena pale palipoelezwa jinsi wakulima walivyoamka alfajiri na kulima mpaka usiku. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kuliko siku zote. Tangu utoto wake aliambiwa kwamba mwenye bidii hufanikiwa na mvivu huangamia. Sasa hawa mbona walijituma na bidii yao yenyewe ndiyo iliyowafukuza?

Alimwuliza mama, aliyekuwa jikoni akipika mlenda kabla ya kwenda kazini. Mama alikoroga kwanza, akafikiri. Alisema kwamba hata kwao Kongwa, kabla ya uhuru, Waingereza walikuja kulima karanga. Walifyeka vichaka kwa mitambo mikubwa, wakachoma fedha nyingi, na baada ya miaka michache wakaondoka bila karanga za maana, kwa kuwa hawakuijua mvua ya pale wala udongo wake. Wazee walikuwa wakisimulia habari hiyo na kucheka, ingawa walioajiriwa kule hawakucheka kazi ilipokwisha.

"Kwa nini unauliza habari za mashamba?" mama aliuliza. Beatha akamweleza kuhusu trei, na ndiyo zake zote, na jinsi alivyonyamaza.

Mama alizima jiko. "Mwalimu anajua kwamba hukuelewa?"

"Hajui."

"Na Lorraine ameadhibiwa?"

Beatha alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Basi kuna mtoto wa watu amebeba mzigo wako," mama alisema. Alivaa koti, akachukua kitambulisho chake cha kazi, akatoka kuwahi basi.

Asubuhi iliyofuata, kabla watoto hawajaketi, Beatha alikwenda mbele ya meza ya Mwalimu Pritchard. Kiingereza alichokipanga njiani chote kilimponyoka, akabaki na maneno machache, lakini hayo machache yalimtosha.

"Mwalimu, Lorraine alinieleza," alisema. "Mimi sikuelewa. Nilisema ndiyo. Mimi husema ndiyo kila siku."

Mwalimu aliketi. "Kila siku, tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Beatha alisubiri aambiwe akusanye daftari zake arudi shule ya msingi. Badala yake mwalimu alimwita Lorraine mbele, na mbele ya wote akamwomba radhi kwa kumlaumu bila kumsikiliza. Alimrudishia alama zake, akamrudisha afanye kazi na Beatha. Kisha akamwambia Beatha kwamba kosa halikuwa la mtu mmoja. Yeye mwenyewe aliona kichwa kikiinama akaridhika, kwa sababu kuridhika ni rahisi kuliko kufundisha mara ya pili. Hakuna anayerudishwa popote. Ila kuanzia siku ile hangemwuliza tena kama ameelewa. Angemwambia arudie kwa maneno yake mwenyewe.

Lorraine hakusamehe palepale. Alisubiri mpaka mapumziko, akasema kwa Kiingereza kirefu na chenye hasira jinsi alivyojisikia, na mara mbili Beatha akamwambia, "Sijaelewa hapo, rudia." Ilibidi Lorraine arudie. Mtu akirudia hasira yake polepole, tena kwa maneno mepesi, inapungua ukali, na mara ya pili alishindwa kujizuia akacheka. Alasiri mtunza viwanja wa shule aliwakatia kipande kingine cha nyasi ukingoni mwa uwanja wa mpira, na Beatha alikibeba kwa mikono miwili.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mama alikuja akitoka zamu, bado amevaa sare ya kazi. Lorraine aliwasha drayer. Udongo wa trei tupu, ule ambao Beatha aliulainisha kwa kucha zake, ulinyanyuka wote, ukawajaa watoto wa mstari wa mbele machoni na kwenye sweta. Trei ya nyasi haikutoa hata punje. Beatha aliwaonyesha watoto kwenye ramani eneo lilipo, akawasimulia habari za nyati na ngano na vumbi. Halafu, kwa Kiingereza chake chenye mashimo, akawaambia kwamba yeye anawaelewa wale wakulima kwa sababu alifanya kosa lao nyuma ya jiko, likizo hii hii.

Mtoto mmoja mdogo aliuliza kama nyasi zilirudi. Lorraine alijibu kwamba baadaye serikali iliwafundisha wakulima kulima kwa kukingama mteremko wa ardhi, kupanda miti ya kuzuia upepo na kuziachia nyasi sehemu nyingine. Mtoto akauliza tena, je, Wakomanche walirudishiwa ardhi yao? Beatha na Lorraine walitazamana.

"Sijui," alisema Beatha. "Nitauliza." Alishangaa kuona kwamba hakuna aliyecheka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mama, kando ya mfereji. Mama alitembea taratibu kwa sababu ya miguu yake.

"Nikufunze kitu ninachokiona kazini," alisema. "Tukibadilishana zamu, muuguzi ananiambia mzee huyu ana hiki, yule apewe kile. Nikiitikia na sijaelewa, mzee wa watu anaweza kufa, na mimi nimeitikia kwa adabu zote. Kwa hiyo namwambia, dada, rudia tafadhali. Siku za mwanzo alinikunjia uso. Sasa ananisubiri niulize. Wewe ulifanya kazi kwa bidii, mwanangu, na bidii hiyo usiiache. Ila kabla hujashika jembe, jua shamba ni la nini. Na kama hujui, sema hujui. Kuuliza si kukosa adabu. Kukosa adabu ni kumwambia mtu ndiyo ya uongo, akaondoka akiiamini."

Beatha alisimama.

"Mama, ulipoondoka Kongwa uliniuliza kama nimeelewa kwa nini unaniacha kwa bibi. Nilisema ndiyo."

"Nakumbuka."

"Sikuelewa. Mpaka leo sijaelewa."

Mama alimtazama binti yake, na macho yake yaliyokesha yakajaa machozi. Palikuwa na benchi karibu na maji. Aliketi, akampangusia Beatha nafasi kando yake, akashika mkono wake wenye kucha zilizokatikakatika, akaanza kumweleza tangu mwanzo.